Mjamzito mwenye mawe kwenye figo: nini kinatibika, nini kinasubiri, na nini usikiguse kabisa

Mjamzito akishikwa na maumivu ya mawe kwenye figo, huku kwetu Mwanza kuna maneno mawili atayasikia kabla hata hajafika kwa daktari. La kwanza ni "wewe una mimba bwana, huwezi kutibiwa hayo mpaka ujifungue, vumilia tu." La pili ni "nenda hapo dukani wakuchome diklofenaki, utalala." Yote mawili yanasemwa na watu wanaomtakia mema kabisa, mama mkwe, wifi, jirani, muuza dawa wa mtaani, na yote mawili yanaweza kumuumiza yeye na mtoto, ndio maana nimeona niandike hii kwa urefu ili mtu akikwama usiku awe na pa kuanzia.

Ukweli ni kwamba mjamzito mwenye mawe anatibiwa. Tena anatibiwa vizuri. Kinachobadilika ni njia na wakati. Na nadhani nimeelewa kwa nini watu wanachanganyikiwa hapa: vitu viwili vinavyojulikana kuliko vyote kwenye mambo ya mawe, yaani sindano ya diklofenaki na ile mashine ya kupasua mawe kwa mawimbi bila kisu, ndio hivyo hivyo vinavyofungiwa mlango mimba ikiwepo. Mtu akiambiwa hiki hapana na kile hapana anajumlisha mwenyewe kwamba hakuna kitu. Kumbe katikati hapo kuna mambo kibao.

Tuanze na mimba yenyewe inafanya nini kwenye figo, manake ukielewa hapa mengine yatakaa sawa. Ukibeba mimba damu inaongezeka, figo zinachuja kwa karibu nusu zaidi ya kawaida yake, na kalisi (calcium, madini yanayounda mawe mengi) inayotoka kwenye mkojo inaongezeka pia. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kila mjamzito angekuwa na mawe, ila mwili nao unajiwekea ulinzi, mkojo wa mjamzito unakuwa na sitreti nyingi na vitu vingine vinavyozuia chembe zisishikane, kwa hiyo wengi wanamaliza miezi yote tisa bila hata punje. Makadirio ya wanaopata maumivu ya mawe wakiwa wajawazito yanatofautiana sana, kuanzia mimba moja kati ya 200 hadi moja kati ya 1,500 hivi, na wengi wao, asilimia 80 hadi 90, yanawatokea baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Sio ugonjwa wa kila mtu, lakini kwenye wodi ni moja ya sababu kubwa za mjamzito kulazwa kwa maumivu ambayo hayatokani na mimba yenyewe.

Halafu kuna mrija. Kila figo ina mrija mwembamba unaoshusha mkojo mpaka kwenye kibofu, na homoni ya projesteroni inaulegeza, huku mfuko wa uzazi ukiendelea kukua na kuukandamiza, hasa upande wa kulia kwa sababu mfuko wenyewe huwa unaegemea huko. Matokeo yake mkojo unashuka polepole na figo inatanuka kidogo. Ikifika miezi mitatu ya mwisho hata wajawazito 90 kati ya 100 wanaweza kuwa na utanuko wa namna hiyo, bila jiwe, bila ugonjwa wowote. Hapa naomba mtu asome mara mbili: ripoti ya altrasaundi ikiandika figo ya kulia imetanuka, na wewe hauumwi, mkojo wako safi, shinikizo la damu liko sawa, usirudi nyumbani unalia kwamba figo imekufa. Kuna akina mama wanabeba hiyo karatasi wiki nzima usingizi hawapati, na aliyewapa hakuchukua hata dakika moja kuwaelezea.

Sasa maumivu ya jiwe yakoje. Yanaanzia ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, yanashuka kuelekea kinenani, yanakuja kwa mawimbi, yakija hakuna namna ya kulala ukapata nafuu, mtu anageuka, anainuka, anatembea, anatapika. Mkojo unaweza kuwa na damu au ukauma. Shida ni kwamba uchungu wa kujifungua nao unakuja kwa mawimbi, na jiwe lenyewe linaweza kuuchokoza mfuko wa uzazi ukaanza kukaza kabla ya wakati, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja. Kidole tumbo nacho kwenye mimba kinasogezwa juu na mfuko wa uzazi, maumivu yake yanaweza kukaa mahali usipotegemea. Kondo la nyuma kuachia nalo linauma vibaya. Ndio maana kujitangazia "haya ni mawe, nilishawahi kuwa nayo" ukiwa na mimba ni hatari, hata kama ni kweli uliwahi kuwa nayo.

Na kwa sisi wa kanda hii kuna kingine cha kukumbuka, kichocho. Pale kandokando ya Ziwa Victoria kinachosumbua zaidi ni kile cha tumbo, lakini ukiingia ndani kwenye mabwawa na majaruba ya mpunga, huko Misungwi na Kwimba, kile cha mkojo kipo, na chenyewe kinaleta damu kwenye mkojo na kikikaa miaka kinaweza kubana mrija wa mkojo mpaka figo ikatanuka. Daktari wa mjini asipokuuliza umekulia wapi, mwambie mwenyewe. Dawa yake ni prazikwanteli, na Shirika la Afya Duniani linakubali mjamzito apewe baada ya miezi mitatu ya kwanza, kwa hiyo hata hiyo sio ya kusubiri mpaka kujifungua.

Kipimo cha kwanza ni altrasaundi, na haina mionzi kabisa. Ila kuna altrasaundi na altrasaundi. Ile ya kliniki ya kuangalia mtoto amelalaje sio lazima iangalie figo, ukienda na maumivu ya ubavu sema waziwazi kwamba unataka figo zote mbili na kibofu viangaliwe. Mpimaji mzoefu ana mbinu zake, anaangalia mrija umetanuka mpaka wapi, manake utanuko wa mimba huwa unaishia pale juu ya nyonga, ukishuka zaidi ya hapo anashtuka. Anaweza pia kuangalia kwenye kibofu kama mkojo unaruka kutoka pande zote mbili, kwenye skrini unaonekana kama rangi inachirizika ghafla kisha inapotea, halafu tena, upande mmoja ukikaa kimya muda mrefu kuna kitu kimeziba. Kwa jiwe lililoshuka chini kabisa karibu na kibofu kipimo cha kupitia ukeni kinaliona vizuri kuliko cha juu ya tumbo, na hakimdhuru mtoto.

Altrasaundi isipotoa jibu kinachofuata ni MRI, picha inayopigwa kwa sumaku bila mionzi, na bila ile dawa ya kung'arisha picha inayoitwa gadolini, hiyo inaepukwa kwenye mimba. MRI haionyeshi jiwe moja kwa moja, inaonyesha pengo pale lilipo, lakini inasaidia kujua kama kuna kizuizi na kiko wapi. CT scan, ile mashine inayopiga eksirei nyingi kuzunguka mwili, inabaki ya mwisho, na hapa niseme kitu ambacho watu wengi hawaambiwi. Kiwango cha mionzi ambacho chini yake hakujaonekana ongezeko la mtoto kuharibika viungo ni miligrei 50, na CT ya mawe ya dozi ndogo inaweza kubaki chini ya miligrei 4. Hiyo haimaanishi mtu akapigwe picha ovyo, madaktari wanaikwepa na wako sahihi, lakini kama maisha yako yanategemea picha hiyo usiikatae kwa hofu. Na kama ulipigwa eksirei ya tumbo kabla hujajua una mimba, picha moja ya kawaida haifiki hata miligrei chache, sio sababu ya kutoa mimba, na anayekwambia ukatoe kwa sababu hiyo kaongee na daktari mwingine kwanza.

Haya, maumivu. Hapa ndio pana matatizo zaidi kwa sababu dawa zinapatikana kila kona.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wote wa kundi hilo ni dawa nzuri mno za maumivu ya mawe kwa mtu asiye na mimba, sikatai, ndio maana muuza dawa anaitaja kwanza. Kwa mjamzito mambo yanageuka. Kuanzia kati ya mimba maji yanayomzunguka mtoto sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, na hizi dawa zinapita kwenye kondo zinaenda kupunguza kazi ya figo za mtoto, mkojo unapungua, maji yanapungua. Yaani unatuliza figo ya mama unazima ya mtoto. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba zisitumike kuanzia wiki ya 20 mpaka daktari aone kuna ulazima, na hapo iwe dozi ndogo na muda mfupi. Kuelekea wiki ya 30 kuna hatari nyingine, mshipa mmoja karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe unaweza kuanza kujifunga mapema. Miezi mitatu ya kwanza nayo hazishauriwi, kuna wasiwasi wa mimba kutoka. Kwa hiyo ukiingia duka la dawa sentensi ya kwanza iwe "nina mimba ya wiki kadhaa", kabla hujasema unaumwa nini, na kama ni mume ndio ametumwa na bodaboda saa nane za usiku, yeye ndio aiseme hiyo sentensi, kwa sababu muuza dawa akimwona mwanaume kasimama dirishani hawezi kujua nyumbani kuna mjamzito.

Ila jambo moja, tafadhali. Kama kliniki walikuandikia aspirini ya dozi ndogo kwa ajili ya kuzuia kifafa cha mimba, hiyo ni habari tofauti, usije ukaiacha kwa sababu umesoma hapa kwamba dawa za kundi hili ni mbaya. Endelea nayo mpaka aliyekuandikia aseme acha.

Kinachobaki salama ni parasetamo. Najua mtu mwenye jiwe akisikia parasetamo anakasirika, maumivu yale na parasetamo wapi na wapi, lakini ikichukuliwa kwa ratiba inavyotakiwa, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 na visizidi 8 kwa siku, inasaidia kuliko mtu anavyodhani, na ikiwekwa kwenye mshipa hospitali inasaidia zaidi. Isipotosha, hospitali wana mofini au pethidini, na hizo kwa muda mfupi mjamzito anapewa bila shida kubwa, kinachoogopwa ni kutumia wiki nyingi mfululizo mpaka mtoto anazaliwa mwili wake umeshaizoea, au kupewa karibu sana na kujifungua akazaliwa anapumua kwa shida. Ndio maana zinatolewa hospitali kukiwa na mtu wa kukuangalia, sio za kununua. Tramadoli ya kuazima kwa jirani mwenye mgongo nayo hapana.

Kama kuna maambukizi ya mkojo pamoja na jiwe, antibayotiki zipo nyingi zinazokubalika, jamii ya penisilini, amoksilini, sefaleksini, seftriaksoni ya sindano. Zinazokwepwa ni sipro, doksi na tetrasaiklini zingine, na septrini inaepukwa miezi mitatu ya kwanza na mwishoni karibu na kujifungua. Jentamaisini inahitaji daktari apime faida na hasara kwa sababu dawa za jamii hiyo zinaweza kugusa usikivu wa mtoto. Nitrofurantoini inafaa kwenye maambukizi ya kibofu kwa baadhi ya miezi ya mimba lakini haifiki vizuri kwenye figo, kwa hiyo ukiwa na homa na ubavu unauma hiyo sio dawa yako. Tamsulosini, ile ya kulegeza mrija ili jiwe lipite, wataalamu wengine wanaitumia kwa wajawazito baada ya kupima mambo, ushahidi wake kwenye mimba bado mdogo, usijinunulie.

Sasa kusubiri. Kwa wengi matibabu yenyewe ndio haya, kutuliza maumivu, kuzuia kutapika, dripu kama umeishiwa maji, kulala kwa ubavu usiouma, na kusubiri. Takwimu zinazotajwa mara nyingi ni kwamba asilimia 64 hadi 84 ya wajawazito jiwe linatoka lenyewe, na lile dogo chini ya milimita 5 lina nafasi nzuri zaidi. Kusubiri huku kuna utaratibu wake lakini, sio kukaa tu. Unakojoa kwenye chombo, unachuja kwa kitambaa cheupe safi au kichujio cha chai ambacho hakitarudi tena jikoni, kila mkojo, hata wa usiku, na ukiona kipunje, mara nyingi ni kidogo kama chembe ya mchanga, kahawia au cha njano, kinakwaruza ukikigusa, usikitupe. Kiweke kwenye kichupa kikavu upeleke hospitali, kama maabara inaweza kukipima watajua ni jiwe la aina gani na mtu atajua ajikinge vipi baadaye. Wengi wanaliona, wanashukuru Mungu, wanamwaga chooni.

Na usijilazimishe kunywa ndoo ya maji maumivu yakiwa yamepamba moto ukidhani utalisukuma. Mrija ukiwa umeziba maji mengi yanaongeza tu msukumo nyuma ya jiwe. Kunywa kawaida, kiu ikuongoze, maji mengi ni ya siku za kukinga.

Kusubiri kunaisha mara moja ukiona haya: homa au kutetemeka baridi, mkojo kukata usitoke, maumivu ambayo dawa haziyagusi, kutapika mpaka huwezi kushika kitu, tumbo kukaza kwa mpangilio, maji au damu kutoka ukeni, mtoto kucheza kidogo kuliko kawaida yake. Mwenye figo moja tu huyo hasubiri kabisa. Nisisitize homa. Jiwe limeziba, mkojo uliokwama nyuma yake una bakteria, hapo vidonge peke yake havitoshi kwa sababu usaha umefungiwa, bakteria wanaingia kwenye damu na mama anaweza kufa ndani ya muda mfupi sana. Hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Hapa ndio ule msemo wa "vumilia mpaka ujifungue" unapoua.

Kinachofanyika hapo ni kuufungulia mkojo njia. Njia zipo mbili. Moja ni stenti, mpira mwembamba laini unaopitishwa kutoka kwenye kibofu kupanda mpaka kwenye figo, ukishakaa mkojo unapita pembeni ya jiwe. Ya pili ni mpira unaopitishwa mgongoni moja kwa moja kwenye figo kwa ganzi ya pale pale huku wakiongozwa na altrasaundi, mkojo unatoka kwenye mfuko wa nje. Zote zinaweza kufanyika bila mionzi au kwa mionzi kidogo sana, na zote zinaokoa. Usumbufu upo, sitaki kumdanganya mtu, stenti inaleta kukojoa kila saa, kuwashwa kibofu, damu kidogo kwenye mkojo ukitembea sana, na ule mpira wa mgongoni unaweza kuchomoka au kuziba. Kubwa zaidi ni kwamba kwenye mimba stenti inapata ukoko haraka kwa sababu ya ile kalisi nyingi tuliyosema, ule ukoko mweupe mweupe kama wa ndani ya birika la zamani, kwa hiyo inabadilishwa kila wiki 4 hadi 6, wakati kwa mtu wa kawaida inaweza kukaa miezi kadhaa. Ukiwekewa ukiwa na wiki 18 fanya hesabu mwenyewe utabadilishiwa mara ngapi mpaka leba.

Ndio maana siku hizi kwenye hospitali zenye vifaa na mtaalamu wa mfumo wa mkojo, kama hakuna maambukizi, wanapendelea kulitoa jiwe lenyewe kwa kamera nyembamba inayopitia njia ya mkojo, wanalivunja kwa leza ya holmiamu na kutoa vipande. Watu wakisikia leza wanaogopa mtoto ataungua. Leza hii inaishia ndani ya nusu milimita tu kwenye maji au nyama, haivuki ukuta wa mrija kwenda popote kwa mtoto. Ganzi ya mgongo inatosha mara nyingi, hakuna kisu, na ripoti zilizokusanywa kwa miaka zinaonyesha matatizo kwa mama na mtoto ni machache. Wanapenda kuifanya miezi mitatu ya katikati ikiwezekana, lakini ikilazimu inafanyika wakati mwingine pia, na daktari wa wanawake awepo kwenye mpango, sio aitwe mambo yakiharibika.

Kinachobaki kufungwa kabisa ni mashine ya mawimbi. Ilianza Munich mwaka 1980, imewasaidia watu wengi mno duniani, lakini mimba ni katazo lake la moja kwa moja, hayo mawimbi yanaweza kumdhuru au kumuua mtoto. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa apimwe mimba kabla ya kulazwa kwenye hiyo mashine, na kama hawakukuuliza uliza wewe. Upasuaji wa kutoboa mgongo na kutoa jiwe kubwa nao kwa kawaida unasogezwa baada ya kujifungua, unahitaji kulala kifudifudi muda mrefu na mionzi mingi, hivyo wanakuwekea stenti ya kukuvusha mpaka mtoto atoke.

Kwa watu wa visiwani na ng'ambo naomba hili lisipite hivi hivi. Zahanati ya Ukerewe au Kome haina mtu wa kuweka stenti, na meli ya Nansio haiondoki kwa saa ya maumivu yako. Mjamzito aliyewahi kuwa na mawe, au ambaye altrasaundi imeshamwonyesha jiwe, apange safari kabla: nani ana boti, kivuko cha Rugezi kwenda Kisorya kinaanza saa ngapi, hela ya dharura iko kwa nani, kadi ya kliniki inakaa wapi. Wa upande wa Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari haisubiri kivuko tena. Nesi wa zahanati anaweza kuanza dripu, parasetamo na sindano ya antibayotiki huku rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza ikiandikwa, hiyo huduma ya mwanzo usiidharau, ila usiikalie siku tatu ukisema umepata nafuu.

Kuhusu kujikinga, watu wanapenda kulaumu dagaa. Dagaa wa ziwani wanaliwa na mifupa yake na wana kalisi nyingi, basi mtu anaona jiwe ni la kalisi anawaacha, anaacha na maziwa. Ni kinyume kabisa. Kalisi ya kwenye chakula inakamata oksaleti, ile inayoshikana na kalisi kuunda jiwe, huko huko tumboni zinatoka pamoja chooni, ukikosa hiyo kalisi, oksaleti inapanda kwenda kwenye mkojo, na mtoto naye anahitaji kalisi ajenge mifupa. Kula dagaa wako, punguza chumvi tu, manake chumvi nyingi inavuta kalisi kwenye mkojo, na wale waliokaushwa na chumvi waloweke umwage maji ya kwanza. Mchicha una oksaleti nyingi, lakini una madini na vitamini anavyohitaji mjamzito, usiuache, kula na dagaa au maziwa kwa mlo huo huo. Ndimu kwenye maji inaongeza sitreti, nayo ni nzuri. Bia ya kusafisha figo hapana, pombe haina kipimo salama kwenye mimba. Dawa za miti za mawe nazo naziogopa, baadhi ya mizizi inakaza mfuko wa uzazi na anayekuuzia kikombe hajui kipimo kinachofika kwa mtoto.

Maji yenyewe tunayajua ila hatuyanywi, na sio uvivu. Nenda pale Mwaloni Kirumba au mialo mingine uangalie wanaoanika dagaa, kuna wajawazito humo wanainama juani tangu asubuhi, jasho linawatoka, na hawanywi maji makusudi kwa sababu choo kiko mbali au ni cha kulipia au kiko katika hali ambayo mjamzito hawezi kuchuchumaa. Ukimwambia huyo anywe lita mbili na nusu kwa siku hujamsaidia kitu mpaka choo kipatikane. Wasimamizi wa masoko na mialo wakisoma hapa wajue choo safi cha bure kwa wajawazito ni kinga ya figo. Wakati huo dada, angalia rangi ya mkojo wako, ukiwa wa njano nzito umechelewa, uwe mweupe mweupe kama maji yenye ndimu kidogo.

Ukishajifungua sio mwisho, na hapa wengi wanapotea. Mtoto amekuja, furaha, arobaini, halafu stenti imesahaulika ndani miezi nane, inapata ukoko mpaka haitoki bila upasuaji mwingine mgumu. Tarehe ya kutolewa iandikwe kwenye kadi ya mtoto pale pale juu ambapo utaiona kila siku ya chanjo. Baada ya kujifungua CT inaruhusiwa, mashine ya mawimbi inaruhusiwa, na ibuprofeni inakubaliana na kunyonyesha, kwa hiyo usimwachishe mtoto ziwa eti unatibiwa mawe, muulize tu daktari kila dawa anayokuandikia kama inapita kwenye maziwa.